Likizo ya Ziwa

Mimi ni mtu wa kushtuka haraka. Nyumbani kwetu Dongobesh walikuwa wananitania kwamba hata jogoo akiwika kabla ya saa yake naweka mkono kifuani. Lakini siku ile, nyumbani kwa jirani yangu huku Gendabi, sikuweka mkono popote. Nilikaa tu kwenye kigoda, blauzi imefunguliwa, mwanangu ananyonya, na mwenye nyumba ananitazama kama mtu aliyemkuta mwizi jikoni.

Ili mnielewe, lazima nianzie kliniki.

Nimeolewa Gendabi kwa watu wa jembe kama sisi. Tofauti ni kwamba huku, ukimaliza mahindi yako, unakutana na ng'ombe wa mwenzako. Jirani yangu ni wa wafugaji, na boma lao limepakana na shamba letu la mbaazi. Tulibeba mimba pamoja na tukajifungua karibu wakati mmoja, mimi wa kiume, yeye wa kike, kwa hiyo tukawa tunakwenda kliniki pamoja. Mimi Kibarbaig sikijui, yeye Kiiraqw hakijui, kwa hiyo tuliongea Kiswahili. Chake alikiokota mnadani na kwenye redio ya mumewe. Changu nilikipata shuleni, na nilikuwa najivuna nacho.

Zahanati ilikuwa imeletewa nesi mgeni, mtu wa Tanga. Kiswahili chake kilitutoa jasho. Siku ya kwanza aliposema habari za ziwa, mama mmoja alimuuliza kwa heshima ni ziwa gani, maana huku kwetu ukisema ziwa mtu anatazama upande wa Balangida. Nesi akacheka, akajishika kifua, ndipo tukaelewa wote. Tulimpenda. Hakuwa mtu wa kufoka kama wengine, na aliita kila mama "mama yangu" hata kama ni binti mdogo.

Siku watoto wetu walipotimiza miezi sita alitukalisha kwenye benchi, akasema, "Mama zangu, sasa maziwa ya mama hayamtoshi tena mtoto. Huu ndio wakati wa kumlikiza. Msichelewe kuwalikiza watoto, wanadhoofu."

Kisha akataja vyakula. Boga, viazi, kunde, karanga, kiini cha yai, parachichi, dagaa, mboga za majani zilizopondwa. Akasema uji uwe mzito, ukikaa kwenye kijiko ukae, usiwe wa kumiminika kama maji ya kunawia. Mimi nilikuwa natikisa kichwa kwa kila neno, kwa sababu haya yote niliyasoma, na nilitaka aone kwamba niliyasoma. Jirani yangu hakutikisa kichwa. Alikuwa amemkumbatia mtoto wake, ameinamia utosi wake.

Njiani kurudi, tulipovuka korongo, alinigeukia.

"Umesikia alivyosema?" akaniuliza.

"Nimesikia."

"Kwamba tuwalikize."

"Ndiyo. Wengine wanachelewa mpaka mtoto anadhoofu."

"Wewe utalikiza lini?"

"Mimi nikishatoka mashine tu kusaga. Hata kesho kutwa."

"Huogopi?"

"Niogope nini? Siku za kwanza atalia, atakataa, halafu atazoea."

"Atalia," akasema. "Halafu atazoea."

Nikadhani anaogopa mtoto kupaliwa. Nikamweleza namna ya kumkalisha wima, kumpa kidogo kidogo, kumsubiri ameze. Alinisikiliza vizuri sana. Sasa nikiyakumbuka yale mazungumzo naona kila neno letu lilikuwa sahihi, na hakuna hata moja lililofika.

Unga wangu wa lishe niliutengeneza kwa majivuno yale yale. Siyo ule wa kumimina kila nafaka iliyoko sokoni mpaka mtoto anaharisha na mama anashangaa. Nilichukua mahindi na ulezi, nikauchagua ulezi mpaka mchanga wote ukatoka. Karanga niliziangalia moja moja, iliyosinyaa au yenye ukungu nikaitupa mbali, wala kuku sikuwapa. Nilizikaanga taratibu, nikazipepeta maganda. Mama yangu alikuwa amenitumia dagaa kwa basi kutoka Dongobesh. Nikawatoa vichwa, nikawaosha kwa maji ya moto mara kadhaa, nikawaanika, nikawakaanga bila mafuta mpaka wakavunjika mkononi. Nilipotoka mashine nyumba nzima ilinukia, na mimi nilijiona mama wa mfano.

Kisado kizima nikamgawia jirani. Alikuja mwenyewe kuchukua. Akafunua, akanusa, akanusa tena.

"Hiki kinachonukia ni nini?"

"Dagaa."

"Dagaa ni nini?"

"Samaki wadogo. Wadogo sana, kama kidole cha mtoto."

"Wana macho?"

"Vichwa nimetoa," nikasema. "Ila kimoja kimoja huenda kilibaki, kikasagwa na macho yake."

Hapo alishtuka yeye. Sijawahi kuona mtu akishtuka kwa adabu namna ile. Alifunika kisado polepole, akakisogeza mbali kidogo na mtoto, akasema ahsante sana, Mungu akubariki, akaenda. Kwamba kwao samaki si chakula, kwamba mtu mzima anaweza kuishi mpaka kufa bila kumtia mdomoni na asione amekosa kitu, sikulijua. Nilirudi ndani nikiwa nimefurahi kwamba nimefanya wema.

Ikaja kazi ya kuvuna mbaazi, na mwanangu akaanza vituko vyake vya kula, mara anapenda boga, mara analitema ukutani. Sikuvuka kwa jirani kwa muda. Nilisikia mtoto wake akilia sana siku za mwanzo. Nikasema moyoni, wa kwangu pia alilia, atazoea. Baadaye kilio kilikwisha, nikajua amezoea.

Kilichonivusha ni samli. Nilitaka kuomba kidogo ya kutia kwenye viazi. Nikambeba mwanangu mgongoni, nikapita kwenye mbaazi, na kitu cha kwanza nilichokiona bomani kwao ni kuku wake. Walikuwa wamenenepa, wanang'aa, manyoya yamelala vizuri. Walikuwa wanadonoa kitu cha kijivu pale chini. Nikainama. Ulikuwa unga wangu.

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Karanga zangu nilizochagua moja moja. Dagaa wa mama yangu waliopanda basi. Niliingia ndani nimejaa maneno, lakini mlangoni nikamkuta bibi, mama mkwe wake, na kwa bibi huingii na maneno, unaingia na shikamoo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," akasema, bila kuniangalia. Hilo lilinishangaza, maana bibi yule hunishika mkono na kuuliza habari za kila mtu mpaka za mbuzi.

Jirani alinipa kigoda. Alikuwa amekonda. Mtoto wake alilala kwenye ngozi, macho wazi, kimya. Kwa mikono yake nilijua mara moja kuna kitu hakiko sawa. Ngozi ya mkono ilikuwa imelegea kama soksi ya mtu mkubwa. Kabla sijauliza, mwanangu akaanza kulia, na mimi kwa mazoea tu nikamgeuza mbele, nikafungua blauzi, nikampa ziwa.

"Unafanya nini?" akaniuliza jirani.

"Namnyonyesha."

"Si ulilikiza?"

"Nimelikiza, ndiyo. Anakula vizuri, asubuhi amekula boga."

"Na hilo?" Akaonyesha kifua changu kwa kidole.

"Hilo nini?"

"Hilo hukulipa likizo?"

Sikuelewa. Nilimtazama, naye ananitazama, na naona uso wake unabadilika, kwanza mshangao, kisha ule uchungu wa mtu aliyesalitiwa. Akafungua shuka. Ndani alikuwa amejifunga kifua kwa kitambaa, amekikaza mpaka nyama imetokeza juu na chini. Harufu ya shubiri ikanijia puani.

"Mimi nimelipa likizo," akasema. "Siku ile ile. Nesi alisema. Wewe ulisema. Nikaenda nyumbani, nikapaka dawa chungu, nikafunga. Watoto wa shule wakipewa likizo hawaendi shule. Ziwa likipewa likizo, mtoto haendi kwenye ziwa. Siyo hivyo?"

Jamani. Nimesoma mpaka kidato cha nne, nimejibu mitihani ya lugha, na haijawahi kunipitia kichwani kwamba kulikiza na likizo yanasikika kama ndugu.

Bibi alisema kitu kwa lugha yao, kirefu, na jirani akanitafsiria bila kuinua macho. "Bibi alikataa. Alisema mtoto hajatembea, hajaota meno ya kutosha, utamwachishaje. Alisema hata ng'ombe hafanyiwi hivyo. Mimi nikamwambia ni serikali imesema. Bibi akanyamaza. Tangu siku ile haongei na mimi vizuri."

"Na anakula nini huyu mtoto?"

"Uji wa sembe. Maziwa hakuna, mume wangu amewapeleka ng'ombe mbali kufuata maji. Unga wako..." Akasita. "Unga wako una macho."

Ningeweza kucheka siku nyingine. Hapo ndipo nilipopata mshtuko ambao haujaniisha mpaka leo. Mwanangu ananyonya kwa kelele, hana aibu, anameza kwa sauti kama ndama. Na yule mtoto wa kike, aliyelala kimya kwenye ngozi, akageuza kichwa. Hakulia. Aligeuza kichwa tu kuifuata ile sauti ya kumeza, akabaki anasikiliza.

Mama yake aliona. Akaanza kulia kimya kimya, machozi yanadondokea kwenye kile kitambaa.

Nilimtoa mwanangu kifuani, akapiga kelele, nikamwacha apige. Nikamfungua jirani kitambaa kwa mikono yangu. Tukaosha kifua kwa maji ya vuguvugu na sabuni, tukaosha tena, bibi mwenyewe ndiye aliyeleta maji. Tukamweka mtoto. Akanusa, akagusa kwa mdomo, uso ukamkunjamana, akageukia upande wa pili. Tukajaribu ziwa jingine. Akageuka tena. Uchungu wa shubiri aliukumbuka vizuri. Na maziwa yenyewe jirani alipokamua yalitoka tone, tena tone. Ilinijia nimchukue mimi, nimpe la kwangu, yaishe. Lakini kliniki walikuwa wametukataza kunyonyeshana watoto, na bibi alikuwa amesimama pale akinitazama. Nilifunga blauzi.

Asubuhi tulikuwa zahanati kabla ya mlango kufunguliwa. Niliongea mimi, na niliongea kwa ukali, maana nilikuwa nimepata wa kumgombeza. Nesi alimpima mtoto, akambonyeza miguu, akamtazama macho, akashusha pumzi.

"Lakini nilisema kumlikiza," akasema. "Sikusema kumwachisha."

"Kulikiza si likizo?" jirani akauliza. Hakuuliza kwa ubishi. Alikuwa anataka kujua.

Nesi akaweka kalamu chini. Nikaona uso wake unaiva.

"Kwetu," akasema taratibu, "bibi yangu akisema mtoto amelikizwa, ana maana ameachishwa ziwa. Nimekua nikilisikia hivyo hivyo. Chuoni ndiko walikotufundisha vyakula vya kulikiza, kwamba ni vile unavyomwanzishia huku ananyonya. Nikalisema la chuoni. Sikufikiri."

Basi hata wa kumgombeza nikamkosa. Mfugaji wa huku kwetu Hanang, ambaye Kiswahili amekiokota mnadani kwenye vumbi, alikuwa amelisikia neno kama bibi wa Tanga anavyolisema. Mimi mwenye cheti ndiye niliyekuwa peke yangu na kitabu changu. Nilikaa chini kwenye lile benchi.

Nesi alitupa maelekezo. Mtoto awekwe ziwani kila mara, asilazimishwe, ajaribiwe akiwa anasinzia. Mama anywe, ale, akae ngozi kwa ngozi na mtoto. Chakula kiwe kizito, kidogo kidogo, mara nyingi. Amrudishe kila wiki apimwe. Jirani akamuuliza kama maziwa yatarudi.

"Kwa wengine yanarudi," akasema nesi. "Siwezi kukuahidi."

Tukaanza. Na ukitoa samaki, na ukitoa mayai, ambayo nayo alikuwa anayatazama kwa mashaka, mama wa mfano unabaki mtupu. Unga wangu ulikuwa hauna kazi. Hata sufuria yangu aliinusa, akasema kwa upole tutumie chungu chake. Kwa hiyo kila siku nikawa navuka mbaazi na mzigo. Kunde tulizilowesha, tukazipikicha mikononi maganda yakaelea, tukazipika mpaka zikapondeka. Boga tuliliokea kwenye majivu ili lisiwe na maji. Karanga nilikaanga nyingine, yeye akazisaga kwenye jiwe lake, laini kuliko mashine. Nyumba ya pili walikuwa na mbuzi mwenye maziwa, wakawa wanatupa kikombe, tunayachemsha.

Kisha akashusha kibuyu cha samli. Akakifungua, na mimi nikarudi nyuma hatua moja. Harufu ya moshi na mkaa, kali, ya kibuyu kilichosuguliwa kwa kijinga cha moto, na juu yake samli iliyokaa. Nikasema mtoto mchanga hatakula hiki, atatapika. Alichovya kijiko, akachanganya kwenye boga, akachukua kidogo kwa ncha ya kidole, akamtia mtoto ulimini.

Mtoto alikishika mdomoni. Tulisubiri ateme. Alimeza, akafungua mdomo.

Mwanangu, mla dagaa, alitambaa mpaka kwenye bakuli, akaingiza mkono mzima, akalamba, na tangu siku ile boga lisilonuka moshi analikataa.

Mikono ya yule mtoto ilianza kujaa. Alianza kulia tena, kilio cha hasira, na kila alipolia bibi alitabasamu. Lakini ziwa alikuwa analikataa. Kila siku jirani alimweka, kila siku anageuza uso, na kila siku mama mtu anakamua lile tone ili lisikauke. Nilianza kuogopa kwenda. Kumtazama mama anayekataliwa na mtoto wake, halafu mimi niende pembeni nimnyonyeshe wangu nyuma ya ukuta ili asisikie, ni jambo gumu.

Ilitokea mchana, tumekaa nje kwenye kivuli cha nyumba, mimi napepeta kunde, yeye amemlaza mtoto kifuani baada ya kula, shuka imefunguliwa kwa joto. Mtoto alikuwa anasinzia. Nilisikia sauti kwanza. Ile ile ya kumeza. Nikadhani ni mwanangu, nikamtafuta, nikamwona yuko kwenye vumbi anafukuza kuku. Ndipo nikageuka.

Jirani alikuwa amekaa wima bila kutikisika, hata nzi aliyetua kwenye kope hakumfukuza. Bibi alikuwa mlangoni, mkono kwenye mhimili. Mtoto alilala mdomo ukiwa umejaa.

Lilirudi ziwa la kulia. La kushoto tulilihangaikia kwa wiki nyingi, kwa maji ya moto, kwa uji, kwa maneno ya nesi na maneno ya bibi. Halikutoa kitu tena. Siku nesi alipotuambia tuliache lipumzike, tulitembea mpaka korongoni. Hapo jirani akasimama kumhamisha mtoto bega.

"Hili limefungua shule," akasema, akiligusa la kulia.

"Na hilo?"

"Hili limeacha shule kabisa."

Tukacheka mpaka tukakaa chini mchangani, watoto wanatushangaa. Alipomaliza kucheka alijipangusa macho na ncha ya shuka, akaendelea kujipangusa muda mrefu kuliko kicheko kilivyohitaji.

Mtoto sasa anatembea. Akija kwangu anaonyesha kidole pale maboga yanapokaa. Akichoka anarudi kwa mama yake, ananyonya lile la kulia, na mkono wake wa pili anaushikilia kwenye lile la kushoto.